Tangi la samaki la kujijengea: hatari ni kimo cha maji



Mwezi huu tunapumzika kidogo na mambo ya presha na chanjo. Tangu niliposema humu kwamba nafuga samaki sebuleni, maswali kuhusu kujenga tangi la kioo nyumbani yamekuja mengi kuliko ya kisukari. Wengi wanaouliza ni wazazi. Kijana ameona video, amepata vioo vya bure kwa jirani anayehama, anataka kujenga mwenyewe wakati wa likizo. Swali huwa fupi: dada, ni salama?

Inaweza kuwa salama, kwa mtu anayepima kabla ya kununua na anayekubali kusubiri. Nimeshiriki kwenye matangi matatu katika miji mitatu: langu hapa Louisville, la shemeji yangu Columbus, na la rafiki yangu mzaliwa wa Uvira anayeishi Buffalo. Nitaeleza kupitia hayo matatu.

Kwanza niseme ukweli wa mfukoni. Kama unataka tangi la kipimo cha kawaida, la dukani mara nyingi ni rahisi kuliko kukatiwa vioo. Kujenga kuna maana pale unapotaka umbo ambalo duka halina, au pale unapotaka mtoto wako ajifunze kazi ya mikono na hesabu kwa wakati mmoja. Hiyo ya pili ndiyo iliyonivuta mimi.

Dripu na tangi

Wauguzi wenzangu watanielewa upesi. Mgonjwa akiwekewa dripu, chupa ya nusu lita na ya lita moja zikitundikwa kimo kimoja husukuma sawa. Ukitaka dripu iende kasi bila mashine, unapandisha chupa juu. Presha ya maji inatokana na kimo chake. Wingi wake hauhusiki.

Tangi ni hivyo hivyo. Watu huhesabu lita wakaogopa lita. Kioo cha mbele hakijui nyuma yake kuna sentimita 30 au 60 za maji kuelekea ukutani. Kinachokisukuma ni kimo cha maji na urefu wa kioo chenyewe. Na msukumo haupandi pole pole. Ukizidisha kimo mara mbili, msukumo unazidi mara nne.

Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 120. Likijazwa maji ya kimo cha sentimita 25, kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu ya karibu kilo 37. Jaza hadi sentimita 50, inakuwa kilo 150. Jaza hadi 60, inafika kilo 216. Hesabu ni nyepesi, mwachie kijana wako aifanye: kimo kwa mita mara kimo, mara urefu kwa mita, mara 500. Jibu ni kilo.

Msukumo huo ni mkubwa zaidi chini, lakini chini kioo kimeshikwa na sakafu ya tangi, na pembeni kimeshikwa na kuta. Ukingo wa juu ndio haujashikwa na kitu. Kwa hiyo kioo hubenuka kuelekea nje, na hubenuka zaidi katikati ya ukingo wa juu. Kioo hakinyooki na kurudi kama plastiki siku zote. Kinavumilia, kinavumilia, halafu kinapasuka mara moja bila kukuaga.

Kwa tangi la sentimita 120, hesabu ambazo wajenzi wengi huzifuata, zenye kiwango cha usalama cha 3.8, zinatoa unene huu wa kioo cha kawaida:

- kimo cha sentimita 35: milimita 6
- kimo cha sentimita 45: milimita 8
- kimo cha sentimita 50: milimita 10
- kimo cha sentimita 60: milimita 12

Maduka ya vioo ya Marekani huuza kwa inchi. Inchi 1/4 ni kama milimita 6, inchi 3/8 ni milimita 9.5, inchi 1/2 ni milimita 12.7. Ukiwa kati ya vipimo viwili, chukua kinene.

Columbus: tangi lililobenuka

Shemeji yangu anaishi ghorofa ya pili katika apatimenti. Chini yake analala bibi mmoja mzee, jirani mwema anayewaletea watoto keki. Shemeji alipata vioo vya milimita 6 kwa bei ya bure, akajenga tangi la urefu wa 120, upana wa 45 na kimo cha 60. Mishono ilikuwa safi kabisa. Halikuvuja hata tone. Akanitumia picha kwa furaha, na kwenye picha nikaona taa ya dari imejipinda ndani ya kioo cha mbele kama inavyojipinda kwenye kijiko.

Nikampigia, nikamwomba alaze rula ndefu ya chuma kwenye ukingo wa juu. Katikati palikuwa na mwanya wa milimita 3. Nikamwambia, "Shemeji, toa maji leo, usingoje kesho." Alibisha kidogo, mbona halivuji? Lakini kutovuja kunapima silikoni. Kubenuka kunapima kioo. Ukirudia ile hesabu kwa milimita 6 na kimo cha 60, kiwango cha usalama kilichobaki ni kama 1. Maana yake kioo kilikuwa kinafanya kazi kwenye mpaka wa kuvunjika. Lita 324 zilikuwa juu ya kitanda cha bibi wa watu.

Akatoa maji kwa mpira hadi bafuni, usiku huo huo.

Asingoweza kuliokoa tangi lile kwa kubandika mkanda wa juu tu. Wengi hukosea hapa. Mkanda ni nyongeza ya usalama juu ya kioo chenye unene wa kutosha. Haukigeuzi kioo chembamba kuwa kinene. Alichofanya ni kupunguza kimo. Alibandua silikoni yote kwa wembe, akapeleka vioo dukani vikakatwa, tangi likawa na kimo cha sentimita 35. Msukumo kwenye kioo cha mbele ukashuka kutoka kilo 216 hadi 74, na unene wa milimita 6 ukatosha. Ndipo akaongeza mikanda.

Mwanawe alinuna: tangi fupi lina raha gani? Mimi ni mtoto wa Kigoma, hapo nilikuwa na jibu. Ziwa Tanganyika lina kuhe, mmoja wa samaki wakubwa zaidi wa ukoo wake, ukoo ule ule wa sato na perege, ambaye anaweza kupita sentimita 80. Huyo hafai sebuleni. Lakini ziwa hilo hilo lina ndugu yake mdogo kuliko wote, wa sentimita 3 au 4, anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wanasayansi humwita Neolamprologus multifasciatus. Kila mmoja ana kombe lake, anachimba mchanga kulizunguka, anazaa humo ndani, anafukuza majirani. Samaki hawa hawahitaji kimo, wanahitaji sakafu pana. Tangi la 120 kwa 45 lenye kimo cha 35 kwao ni kijiji kizima. Leo mpwa wangu anajua kwamba ziwa la mama yake mdogo lina kina cha mita 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal.

Mikanda na daraja

Waliokulia pwani au ziwani wamekaa kwenye mbao zinazokatiza mtumbwi kutoka ubavu hadi ubavu. Tunaziona viti, lakini fundi ameziweka ili mbavu zisicheze. Mtumbwi husukumwa na maji kutoka nje, tangi husukumwa kutoka ndani, ila dawa ni moja: shika kingo za juu.

Kwenye tangi kuna vipande vya aina mbili.

Mkanda ni kipande kirefu cha kioo, upana wa sentimita 5 au 6, unene sawa na wa kuta. Unalazwa ndani, kwa ubapa, kando ya ukingo wa juu wa kioo cha mbele, na mwingine kando ya kioo cha nyuma. Ukiulaza hivyo, kioo kikitaka kubenuka kinalazimika kuupinda mkanda kwa upana wake wote wa sentimita 5, na hilo ni gumu sana. Mkanda uishie milimita chache kabla ya kuta za pembeni, nafasi hiyo ijazwe silikoni.

Daraja ni kipande kinachokatiza katikati, kutoka mkanda wa mbele hadi wa nyuma, upana wa sentimita 10 hivi. Linazuia kioo cha mbele na cha nyuma visiachane. Jambo la kushika: usiligandishe ncha kwa ncha, lilaze juu ya mikanda ili ligande kwa eneo pana. Ncha ikivutwa moja kwa moja ina mshono mwembamba wa kutegemea. Ikilazwa, silikoni inashika kiganja kizima cha kioo. Na daraja si mpini. Tangi halibebwi kwa daraja, wala mtu haegemei wakati wa kusafisha.

Louisville: hatua za kazi

Langu ni dogo: urefu 90, upana 40, kimo 45, kioo cha inchi 3/8. Tulijenga na mwanangu kwenye chumba cha chini ya nyumba, wikendi mbili nilizokuwa sina zamu.

1. Hakikisha kioo si cha tempadi, kile kinachochomwa kiwe kigumu kama vioo vya pembeni vya gari. Vioo vya meza mara nyingi ni vya aina hiyo. Ukikikata kinasambaratika vipande elfu. Tafuta muhuri kwenye kona. Kama haupo, kiangalie kwa miwani ya jua inayokata mng'ao: cha tempadi huonyesha madoa au mistari ya giza.

2. Piga hesabu ya unene kabla ya kuagiza. Kuta za pembeni zinakaa kati ya mbele na nyuma, kwa hiyo punguza unene wa vioo viwili na milimita 1 au 2 za silikoni kila mshono. Agiza vipande vya mikanda na daraja siku hiyo hiyo.

3. Vaa glavu nene, sugua makali yote kwa msasa wa maji ukiwa umelowa. Vumbi la kioo si la kuvuta puani. Viatu vya kufunika miguu, kandambili hapana.

4. Futa sehemu za kugandisha kwa spiriti, kisha usiziguse kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mshono.

5. Tumia silikoni safi iliyoandikwa kuwa ni ya matangi ya samaki, isiyo na dawa ya ukungu, ile ya bafuni ina sumu kwa samaki. Soma tarehe ya kuisha muda, kama unavyosoma ya dawa.

6. Bandika utepe wa karatasi kando ya mishono, mimina silikoni mstari mmoja bila kukatiza, simamisha kioo. Usikandamize hadi silikoni yote itoke. Bakiza milimita 1 au 2 katikati. Kazi hii ni ya watu wawili, kwa sababu silikoni huanza kufunga utando ndani ya dakika chache.

7. Acha siku moja, ndipo uweke mikanda. Mikanda ikishika, weka daraja.

Silikoni hii inapokauka hutoa harufu ya siki. Fungua madirisha, na mwenye pumu asilale karibu. Mshono ukivuja baadaye, usipake silikoni mpya juu ya ya zamani. Mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Bandua yote, safisha, anza upya.

Buffalo: kusubiri na sakafu

Rafiki yangu alijenga lake mwezi wa Januari, nje theluji magotini. Aliniuliza mbona harufu ya siki haiishi. Sababu ni kwamba silikoni hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani, ikianzia nje kwenda ndani, milimita chache tu kwa siku. Nyumba inayopashwa joto wakati wa baridi ina hewa kavu kama jangwa, ngozi zetu zinajua. Na pale daraja linapolala juu ya mkanda, katikati ya silikoni kuko mbali na hewa kwa sentimita mbili au zaidi. Pakiti ikisema saa 24, ni za kuligusa, si za kulijaza. Kwa mishono ya kawaida subiri wiki moja. Kwa daraja, na kwa msimu wa baridi, subiri wiki mbili au tatu. Kama bado linanuka siki, bado halijaiva.

Nyumba yake ni ya zamani, ya mbao. Kabla ya kuweka tangi tulizungumza uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza kioo, mchanga, mawe na meza. Tangi la awali la shemeji lingepita kilo 420, kama watu wazima sita wamesimama pamoja mahali pamoja usiku na mchana. Kanuni za nyumba za kuishi hapa Marekani kwa kawaida huhesabu mzigo wa paundi 40 kwa futi ya mraba, karibu kilo 195 kwa mita ya mraba, ukisambaa chumba kizima. Tangi linazidi hapo lilipo, kwa hiyo mahali ni muhimu: kando ya ukuta unaobeba nyumba, likikatiza boriti za sakafu ili boriti kadhaa zigawane mzigo. Mpangaji asome mkataba wake na amwandikie mwenye nyumba, apate jibu kwa maandishi. Na bima ya mpangaji: uliza waziwazi kama inalipa uharibifu wa maji ya tangi kwa jirani wa chini.

Meza iwe bapa. Weka pimamaji pande zote mbili. Meza iliyopinda hupindisha kioo kila siku, na hakuna mkanda utakaorekebisha hilo.

Umeme nao ukumbukwe. Tufani ya theluji iliyoanza Desemba 23, 2022 iliacha nyumba nyingi za Buffalo bila umeme, na watu zaidi ya 40 walifariki mjini na katika kaunti yake. Siku kama hizo samaki hufunikwa kwa blanketi kuzunguka tangi, na pampu ya hewa ya betri inawatosha. Usiwashe jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba kwa ajili ya samaki wala kwa ajili ya watu. Gesi yake haina harufu, na inaua.

Neno la muuguzi

Mtoto anayetambaa yuko hatarini zaidi kwenye ndoo ya kubadilishia maji kuliko kwenye tangi lenyewe. Akiinamia ndoo hawezi kujitoa. Usiache ndoo yenye maji hata dakika ya kujibu simu. Meza ya tangi ifungwe ukutani, watoto wanapenda kupanda.

Waya za hita na pampu zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Tumia soketi inayojikata yenyewe penye maji, kama ya bafuni. Chomoa kila kitu kabla ya kutia mkono.

Mwenye kidonda mkononi asisafishe tangi bila glavu. Kuna bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe mkononi usiopona kwa wiki nyingi. Ukipata uvimbe wa namna hiyo, mwambie daktari kwamba unafuga samaki. Asipoambiwa, atahangaika na dawa zisizofaa.

Kabla ya samaki kuingia

Lijaribie tangi mahali ambapo likimwagika hakuna hasara, si nje wakati wa barafu. Jaza theluthi, subiri saa chache. Jaza theluthi ya pili, subiri. Jaza lote. Zungushia karatasi za tishu chini. Zitaonyesha tone kabla ya jicho. Laza rula kwenye ukingo wa juu, andika mwanya wa katikati, rudia kesho na keshokutwa. Mwanya ukiongezeka, toa maji, hata kama tishu ni kavu. Likitulia wiki nzima, weka chujio na dawa ya kuondoa klorini, na lipe wiki nne hadi sita maji yakomae ndipo samaki waingie.

Hata wataalamu hushindwa na maji. Desemba 16, 2022, tangi la AquaDom kwenye hoteli mjini Berlin, lenye lita milioni moja na samaki 1,500 hivi, lilipasuka alfajiri. Watu wawili tu walijeruhiwa, kwa sababu ukumbi ulikuwa bado mtupu. Sebule zetu haziko tupu. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye tangi, ufa wa kuuziba ni ule mwanya wa rula, na unaonekana mapema kwa anayeutazama.

Mkishapima, niandikieni vipimo vyenu vitatu, urefu, kimo na unene wa kioo, kabla ya kumimina maji. Nitapiga hesabu na ninyi. Toleo lijalo tunarudi kwenye presha, ile ya damu.